Ndege Zilizotaka Kuvunja Posa

Azaiba, Maskati
Alkhamis, 9 Machi 2006

Mpendwa Shangazi Sayyida,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, shangazi yangu. Nakuamkia kwa mikono miwili, na nnatumai barua hii itakukuta mzima, umekaa barazani kwako Zanzibar, na kile kikohozi cha mwezi uliopita kimeshakwenda zake. Vipi presha? Dawa unakunywa, au bado unaziweka juu ya kabati ukaziangalia tu? Na macho je? Ulisema utakwenda kupimwa miwani. Ikiwa hujenda, basi Hind akusomee barua hii, lakini mwambie asome pole pole na asiruke mahali, maana namjua.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Baba mzima, anakusalimu sana na anasema dada yake amemsahau. Mama magoti yanamsumbua akipanda ngazi, ila akisikia kuna harusi huyasahau. Baridi imekwisha na joto bado halijaingia. Ndizo siku tamu za Maskati hizi, madirisha yako wazi, na ndege zinazokwenda kutua zinapita juu ya paa letu mpaka vikombe vinalia kabatini.

Achari ya ndimu na mbaazi ulizompa Bi Shariffa zimefika salama. Mbaazi Mama kazificha. Achari hakuwahi kuificha, na sasa imebaki chupa tu, nayo Baba kaisafisha kwa mkate. Ahsante sana, shangazi, Mungu akuzidishie.

Lakini Bi Shariffa hakurudi na achari peke yake. Kabla hajavua hata viatu mlangoni alisema, "Sayyida anauliza, ni kweli Bashayer amemtukana mchumba pua kwa sababu ya ndege?" Basi nikajua khabari zimekufikia, tena zimefika zimepikwa na kutiwa viungo. Shangazi, ni kweli na si kweli. Wewe ndiye uliyelitaja jina la Jaifar kwanza katika nyumba hii, kwa kuwa mama yake mlisoma naye. Kwa hivyo ni haki yako kuyasikia yote kutoka kinywani mwangu. Waambie wakuletee chai.

Mambo yalianza na Baba. Unajua alivyostaafu ualimu. Mtu aliyezoea kuwaonyesha watoto dunia nzima kwenye ramani, ghafla hana wa kumwonyesha kitu isipokuwa Mama, na Mama hataki kuonyeshwa. Alikuwa akiingia jikoni na kumwambia wali unapikwa vipi. Siku moja Mama alimkabidhi mwiko, akatoka, akenda kukaa kwa jirani mpaka magharibi. Nikaona hapa patavunjika kitu. Mtandao wa intaneti nilikuwa nimeshautia nyumbani kwa ajili ya kazi zangu za ofisini Qurum, basi nikamtafutia Baba mchezo.

Ni mchezo wa kompyuta, shangazi. Unapewa shirika la ndege la uwongo na mtaji wa uwongo. Unanunua ndege, unachagua ziruke wapi na wapi, unapanga nauli. Watu wa kila nchi wanacheza, kila mtu na shirika lake, na wote mnagombania abiria wale wale. Siku yetu moja ni wiki nzima ya mchezoni. Hakuna senti ya kweli inayotoka. Tulichotoa sisi ni utulivu wa nyumba.

Baba alichagua jina mwenyewe: Mlandege, kwa mtaa aliozaliwa. Ndege ya kwanza akainunua kwa sura. Ilikuwa kubwa mno, injini nne, ya kubeba kijiji na mbuzi wake. Akaipeleka Salala. Kila ikiruka ndani mna watu wa kujaza meza moja ya kulia, na mafuta inayanywa kama ngamia aliyetoka jangwani. Kabla hatujajua nini kinatokea, Mlandege hoi.

"Labda nauli," akasema Baba.

"Labda ndege, Baba," nikasema.

Basi nikakaa nikayasoma maelezo ya kila ndege iliyokuwa ikiuzwa: ina viti vingapi, inafika umbali gani bila kutua, inakunywa mafuta kiasi gani. Wachezaji wengi wanachukua mafuta wakayagawa kwa viti. Ukifanya hivyo ndege kubwa inashinda daima, na hapo ndipo watu wanapoumia. Mie nikayagawa kwa watu waliokaa khasa. Papo hapo ile kubwa ikaporomoka katika orodha yangu, ikapanda juu ndege moja ya mapanga, yale yanayozunguka mbele ya injini. Sura mbaya, mwendo wa taratibu, lakini katika safari fupi inajaa, na mafuta inayanywa kama kuku anavyokunywa maji. Kiti kitupu nacho kinakula mafuta, shangazi. Nikiwa ofisini nikilikumbuka neno hilo nacheka peke yangu.

Tukauza lile jengo la Baba la injini nne. Tukanunua za mapanga kwa Salala na Dubai na Doha, na ndege moja kuukuu isiyo ya mapanga kwa njia ya Zanzibar, kwa sababu Baba alisema hawezi kuwa na shirika lisilofika kwa dada yake. Mlandege ikaanza kupumua. Baba akatoka jikoni. Mama akaniombea dua.

Sasa siku ya posa. Ilikuwa Alkhamis alasiri. Mama alikuwa amepika tangu asubuhi, sambusa, visheti, na halwa kaagizia. Bi Masouda akaja kutoka Qurum na mwanawe Jaifar, wamependeza wote wawili. Nikaingia na kahawa, macho chini, kama mlivyonifundisha. Nitakwambia wewe jambo ambalo Mama sijamwambia hivi: nilimpenda. Alipoona Mama anainuka kwa shida, aliinuka kabla yake akampokea sinia. Alimuuliza Baba khabari za wanafunzi wake wa zamani, akasubiri jawabu mpaka likamalizika, nawe unajua majawabu ya Baba urefu wake. Nikasema moyoni, huyu ana subira.

Kompyuta yetu iko ukumbini, pale kwenye waya wa simu, na nilisahau kuizima. Katikati ya mazungumzo ya watu wazima ikalia ting! Ndiyo alama ya kwamba bei ya mafuta imebadilika mchezoni. Baba akaruka kitini.

"Bashayer, mafuta yamepanda!"

Bi Masouda akashtuka. "Ya kupikia?"

Mama akafumba macho. Lakini Jaifar alikuwa ameshageuka kuiangalia kompyuta, na uso wake umefunguka kama wa mtu aliyekutana na jamaa ugenini. "Ami Thabit, na nyinyi mnacheza? Sisi ofisini tunacheza wote! Shirika lenu linaitwaje?"

"Mlandege," akasema Baba kwa fakhari.

"Mla ndege? Linakula ndege zake wenyewe?"

Baba akacheka, na mie nikacheka kidogo. Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri. Kisha akaniuliza mimi, moja kwa moja, tuna ndege gani. Nikamwambia, nyingi za mapanga.

"Za mapanga!" akasema. "Hizo si ndege, hizo feni. Mie nnazo za injini nne. Gawa mafuta kwa viti, hutapata inayoishinda."

Ningenyamaza, shangazi. Ningemimina kahawa. Lakini neno la viti lilinigusa pabaya, na ulimi ukatangulia. Nikasema, "Kwani viti vinalipa nauli? Wanaolipa ni watu. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi."

Ndipo nilipomtazama vizuri. Wewe unaijua pua ya ukoo ule. Wallahi nilikuwa sijaitia maanani kabisa, nilikuwa nimeangalia macho. Sasa niliiona, imesimama katikati ya uso wake kama mnara, na kila mtu chumbani anajitahidi asiitazame. Bi Masouda akakiweka kikombe chini.

"Ni pua ya marehemu baba yake," akasema.

Jaifar akainama akaanza kukohoa kwenye leso. Mie nilidhani ameghadhibika. Hawakukaa sana baada ya hapo. Mlangoni Bi Masouda alimwambia Mama, "Binti yenu amesoma," kwa sauti ambayo haikuwa ya sifa.

Siku zile zilizofuata sitaki kuzikumbuka. Mama hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alikuwa akikunja nguo na kusema pole pole, kama anazungumza na nguo, kwamba umri unakwenda, kwamba watu wanaokuja ukumbini hawaji milele. Tukasikia Bi Masouda ameshaanza kuulizia binti mwengine, mpole, hata sauti hana. Nikajifanya sijali. Lakini nilikuwa nikiosha vikombe naikumbuka ile subira yake mbele ya hadithi za Baba, na naona nimeangusha kitu ambacho hata sikuwahi kukishika.

Kisha asubuhi moja ya Ijumaa Baba akaniita. "Njoo utazame. Kuna shirika limeingia njia yetu ya Zanzibar, na ndege ya injini nne."

"Linaitwaje?"

"Linaitwa Pua."

Alikuwa ni yeye, shangazi! Kumbe bahati ilikuwa imemtia katika ulimwengu ule ule wa mchezo tuliomo sisi, maana mna malimwengu mengi humo, kila ulimwengu na mashirika yake. Alikuwa na jina jengine la kishujaa, akalifuta, akajiita Pua mwenyewe. Chini yake palikuwa na ujumbe kwa Baba: "Ami Thabit, naomba ruhusa ya kushindana na Mlandege. Na samahani kwa neno la feni." Ndipo nilipofahamu kwamba ile leso ilikuwa ya kuzuia kicheko.

Baba alimjibu, "Ruhusa unayo. Huruma huna." Tangu siku hiyo ujumbe wote ulipita mkononi mwa Baba, mchana, ukumbini, Mama akisikia. Nakwambia hivyo ili Bi Shariffa asije akauongezea chumvi na huo.

Jaifar akashusha nauli. Abiria wetu wa Zanzibar wakahamia kwake kama nzi kwenye halwa. Ile ndege yetu kuukuu ikawa inaruka nusu tupu na mafuta inakula ya kushiba. Ilikuwa lazima tuibadilishe, na hapo mie na Baba tukagombana kweli kweli. Baba alitaka kubwa kama ya Pua.

"Dawa ya moto ni moto," akasema.

"Baba, moto wake anaununulia kuni yeye. Mwache."

Mie nilitaka ndege mpya ya injini mbili, ya wastani. Viti vyake vichache kuliko vya Pua, lakini inafika Zanzibar bila kutua, na mafuta inayotumia kwa kila mtu aliyekaa yalikuwa machache kuliko ndege zote za urefu ule wa safari. Ubaya wake, ilikuwa ghali kununua, na ingebidi tuuze mbili za mapanga ili tuipate. Baba alisema nitaliua shirika. Nikamwambia kama hataki, ashike yeye usukani, mie nitarudi kwenye kazi zangu. Tukakaa siku nzima hatusemezani, Mama akitupelekea khabari baina ya chumba na chumba, na yeye anafurahi kuliko siku zote kwa sababu hatimaye kuna mtu mwengine anayegombana na mumewe.

Jioni yake Baba akaja, akasimama nyuma ya kiti changu. "Nunua," akasema. "Lakini tukianguka, utapika wewe mwezi mzima."

Tukanunua. Mwanzo tuliumia, nauli ya Pua ilikuwa ya kutupa. Kisha mafuta ya mchezoni yakapanda, yakapanda tena, na kila yakipanda ndege yetu ilikuwa inakohoa kidogo tu, na ya Jaifar inaugua kitandani. Ikawa inaruka robo tatu tupu. Baba alikuwa akiamka, hata hajanawa uso, anachungulia kompyuta na kutangaza nyumba nzima, "Pua inavuja!" Shangazi, tulikuwa na furaha isiyo na adabu.

Jaifar akaziuza zile ndege zake za injini nne, zote isipokuwa moja. Akanunua ya wastani kama yetu. Hakulaumu mchezo wala hakutoa visingizio, alituandikia tu, "Nimekula khasara, na nimejua kwa nini." Mie nikasema, khalas, kaelewa, na nikavimba kichwa.

Ukaja msimu wa Hija, maana mchezo una misimu yake. Watu wa kwenda Jidda wakafurika uwanjani. Vindege vyangu vya mapanga vikabeba kadiri vilivyoweza, waliobaki ni umma. Na ile moja kubwa aliyoibakisha Jaifar, niliyoicheka sana kwa nini hakuiuza, ikawa inakwenda Jidda imejaa mpaka mlangoni, inarudi, inakwenda tena. Kwa kipimo changu mwenyewe, mafuta kwa watu waliokaa, hakuna ndege iliyoifikia. Akarudisha kila alichopoteza. Nikapokea ujumbe kwa mkono wa Baba, naye Baba alikuwa akiusoma huku machozi ya kicheko yanamtoka:

"Ami, mwambie mkurugenzi wako kwamba kuna msimu pua huwa na kamasi."

Nilinuna, shangazi. Nilinuna mpaka alasiri. Kisha nikawa jikoni nakatakata vitunguu, nikalikumbuka neno lile, nikacheka mpaka Mama akaja kutazama kama nimepagawa.

Lakini kucheka kwetu hakukubadilisha kitu. Bi Masouda alikuwa hajarudi, na yule binti mpole alikuwa bado yuko, na posa haiji kwa kompyuta.

Basi Jumamosi moja nimechukua likizo, Baba kampeleka Mama hospitali kwa magoti yake, mlango ukagongwa. Nafungua, Bi Masouda, peke yake, na buibui lake linanukia udi. Nikamkaribisha, nikataka kwenda kuweka kahawa, akanizuia.

"Kahawa baadaye. Nionyeshe huo mchezo."

Nikamwekea kiti. Nikamwonyesha ramani, njia, ndege zetu na za mwanawe. Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya ile kubwa.

"Alikuwa nazo ngapi hizi?"

"Nyingi, Bi Masouda. Sasa anayo moja."

Kisha akasema bila ya kunitazama, "Marehemu mume wangu alinunua mashua Yiti. Wavuvi wa kule wana vijimashua vyao, wanatoka na kurudi. Yeye akaleta kubwa, injini kubwa, ya kuwashangaza. Kila ikitoka mafuta yanakwenda, samaki wanarudi wachache. Mie nilijua. Samaki hao hao ndio niliokuwa nikiwapika, nitakosaje kujua? Nikanyamaza. Alikuwa mtu mkubwa, na mie nilifundishwa mke mwema hasemi. Mashua ile ilikula mpaka bangili zangu za harusi, na yeye ilimla moyo. Hakuna aliyemwambia mapema, hata mmoja."

Nilimshika mkono, na hakuuondoa.

"Siku ile uliposema neno lile nilikasirika," akaendelea. "Nikasema, mtoto huyu hana haya. Kisha juzi namwona mwanangu anauza midege yake. Huyu, hajapata kumsikiliza mtu tangu anatambaa. Namuuliza, nani kakwambia uuze? Akanambia, 'Yule binti wa Azaiba.' Nilimpeleka kwa yule mwengine, akakaa akarudi, akasema ni mtoto mzuri, kila alichomwambia alimjibu ndiyo. Hakutaka kurudi tena." Sasa akanitazama. "Akikosea, utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Mbele za watu?"

"Hapana, Bi Masouda. Siku ile ulimi ulinitoroka. Mbele za watu nitamkanyaga mguu."

Akaanza kucheka, pole pole, mabega yanatikisika. "Na akikwambia wewe umekosea?"

Nikafikiri niseme neno zuri, nikaona haina maana kumdanganya mtu aliyenifungulia siri ya bangili zake. "Nitanuna mpaka alasiri," nikasema.

"Alasiri si mbali," akasema Bi Masouda. "Haya, sasa lete hiyo kahawa."

Alkhamis iliyopita walikuja tena, na Mama alipika mara mbili ya mwanzo. Kompyuta niliizima mwenyewe, nikachomoa na waya. Wazee walipokubaliana, Baba alituruhusu tuzungumze pale pale, wao wakijifanya wanaangalia zulia. Jaifar akaniuliza kama nna suali lolote kwake kabla sijatoa jawabu. Nilikuwa nalo.

Nilimuuliza kwa nini pale Pua ilipokaribia kufa hakuifuta akaanza upya. Wote wanafanya hivyo, shangazi. Ukifuta, mchezo unakupa mtaji mpya kamili na deni lote linasahaulika, na hakuna anayejua kwamba ulishindwa. Yeye alibaki anaburura ile khasara, anauza moja moja, mbele ya macho yetu na vicheko vyetu.

Akajibu kwa sauti ndogo, si ya kusikiwa na zulia. "Ukianza upya wanakutia ulimwengu wowote wenye nafasi. Nyinyi msingekuwamo."

Basi, shangazi, nimekubali.

Baba alikuwa anasikiliza, maana alijipiga kofi gotini na kusema alhamdulillahi kabla mie sijamaliza kutamka. Mama akalia. Bi Masouda akampa leso, ile ile aliyotoka kufutia macho yake.

Tumepanga nikaha Mfungo Mosi, baada ya Idi, inshallah, joto likishapungua. Tutakaa Qurum, lakini si kwa mama yake. Bi Masouda mwenyewe ndiye aliyesema tupange nyumba yetu ndogo, iliyo karibu ya kuja kula na mbali kiasi cha kutosikiana. Kazi yangu siachi, na Jaifar hakuuliza hata mara moja kama nitaacha. Mlandege na Pua zitaendelea kila moja kivyake, kwa sababu Baba amekataa katakata kuunganishwa na mtu aliyeziita ndege zake feni.

Sasa ombi langu. Nataka uje, na si siku ya harusi tu kama mgeni. Njoo mapema, ukae mwezi, ulale chumbani kwangu, unambie mambo ambayo Mama anaona haya kuyasema. Tiketi Baba anasema ni juu yake na hataki kujadiliwa. Najua utasema ndege zinakutia khofu na miguu inavimba. Uje hivyo hivyo, na miguu yako, nitaikanda mwenyewe. Jina la Jaifar lilitoka kwako, basi na hina yangu itoke mkononi mwako. Sitaki mwengine yeyote anitie.

Nisalimie sana Ami Muslim, na umwambie dawa yake ya mgongo atapata kwa mkono wa mwenye kuja mwanzo. Hind mbusu, na kama amefika hapa bila ya kuruka mahali, mwambie nna kitambaa chake cha nguo ya harusi. Wasalimie majirani wa pale barazani wote, hata yule anayeniuliza kila mwaka naolewa lini. Huyo msalimie mara mbili.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi, akupe macho ya kuiona siku hiyo na nguvu ya kupiga vigelegele mpaka wasikie Qurum. Amin.

Mimi mwanao, damu ya kaka yako, ninayekupenda na kukungoja mlangoni,

Bashayer binti Thabit